Vernia Si ya Kila Tundu

Jana nusura nimpokonye kijana vernia, kile chombo cha meno cha kupimia upana. Kapiga magoti kando ya mguu wa tairi la ndege, meno ya vernia ya dijitali yamezama kwenye bushi (ule mkebe wa chuma unaolikia ndani ya tundu), anasoma namba kwa sauti kama anatangaza matokeo ya mtihani. "Kaka, milimita 19.07! Limiti ya kulika ni 19.10, bado inafaa." Kioo kinaonyesha desimali mbili, sasa nani abishe?

Nabisha mimi. Tundu ni duara, na meno yale yana ubapa. Yakiingia ndani hayakai kwenye kipenyo kamili, kingo zake ndizo zinazogusa ukuta, kwa hiyo namba inayotoka ni ndogo kuliko tundu lenyewe. Yaani bushi imelika, chombo kinakuambia haijalika! Bora kingekosea kinyume chake, tungetupa bushi nzima tukala hasara. Na tundu likiwa dogo zaidi, uongo nao unazidi. Halafu kapima mara moja, pale mlangoni, wakati kila fundi anajua bushi hulika kama yai, upande unaobeba mzigo.

Geji ya teleskopu, kijiti chenye mikono ya springi inayotanuka ndani ya tundu, ipo kwenye droo, stika ya kalibresheni haijaisha muda. Unaiingiza imelala kidogo, unaachia springi, unakaza kwa vidole viwili, unaivusha mara moja, unaitoa na kuisoma kwa maikromita, chombo cha skrubu cha kupima kwa usahihi zaidi. Unageuza nyuzi 90, unarudia. Unashuka ndani zaidi, unarudia. Inachosha, ndiyo. Na inataka mkono uliozoea, ndiyo. Utazoeaje kama huishiki?

Haya, vernia ina kazi zake, na geji ya pointi tatu, inayogusa ukuta wa tundu sehemu tatu kwa mpigo, bei yake inatisha. Joto la hanga zetu sitaki hata kuligusa: vipimo ni vya nyuzi 20, ila silinda ya chuma ya milimita 130 ikifika nyuzi 33 imeshatanuka karibu 0.02.

Mwaka 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka angani Uingereza, rubani akavutwa nusu mwili nje. Alipona. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66 hivi, fundi alizilinganisha kwa macho. Kwa macho!

Tukapima upya. Upande wa mzigo, 19.12.

Kijana akaifuta vernia, akairudisha kwenye kisanduku taratibu. "Kaka, na ile ndege tuliyoifunga wiki iliyopita?"