Niulizeni mimi, jamani

Kinachoniuma kliniki ni hiki: daktari anamuuliza mama yangu, mwenye demensia inayompotezea kumbukumbu, "Dawa unameza kila siku?" Mama anatabasamu, "Kila siku, mwanangu." Inaandikwa kwenye faili. Mimi ninayemlisha na kumwogesha nimeachwa nje kwenye benchi, eti ndugu wasubiri! Vidonge vya presha vya juzi bado amevifunga kwenye pindo la kanga.

Nikisema, naambiwa, "Ni uzee tu huo." Si uzee! Demensia ni ugonjwa wa ubongo, na Alzheimer, maradhi yanayoharibu ubongo polepole, ndiyo chanzo chake kikubwa. Dirisha la wazee wa miaka 60 na kuendelea tunalo, nashukuru, ila foleni ya kutwa inamvuruga mpaka analia anataka kwa mama yake, aliyefariki 1984. Niiteni ndani naye.