Umeme Haukukatika

Usiku ule nilikuwa na adui mmoja tu: umeme kukatika. Nilikuwa nahamisha protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando, kazi ambayo maabara yetu ya Dar es Salaam huiacha kwenye chumba baridi usiku kucha, kwa volti 30, na wiki ile giza lilikuwa linaingia mtaani bila hodi. Nikahakikisha jenereta ina mafuta. Mlinzi nikamwamkia kwa adabu ya mkwe mpya, maana ndiye mwenye ufunguo wa jenereta.

Kwa ambaye hajakutana na balaa hili: jeli yenyewe ni kitu chepesi kama ukoko wa uji uliopoa, ukiishika vibaya inachanika. Protini zimo ndani, huzioni. Unapanga kama mkate wa kutia nyama: sifongo, karatasi ya kuchujia, jeli, utando, karatasi, sifongo. Unabana kwenye kaseti, unatumbukiza kwenye tangi la bafa, yaani maji yenye chumvi za kupitisha umeme. Sabuni iitwayo SDS imeshazivisha protini chaji hasi, kwa hiyo ukiwasha umeme zinakimbilia upande chanya, njiani zinanasa kwenye utando. Kanuni ni moja, na pale kwetu hata dada wa usafi anaijua: jeli upande mweusi, ulio hasi, utando upande mwekundu, ulio chanya.

Nimefungua kaseti, upande mweusi chini, sifongo nimeshaweka, simu ikaita. Shangazi. Mikono ina glavu zilizolowa, nikapokea kwa ncha ya pua, nikaweka spika kwa pua hiyohiyo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kikao cha harusi kimekaa jana. Jina lako lina ahadi ya elfu hamsini, na mbele yake pana kistari."

Nikajitetea. Akanisomea orodha ya waliotoa. Binamu wa Tanga, asiye na kazi, katoa laki. Kukata simu sikuweza. Pua inapokea simu ya shangazi, haiikati. Basi tukaenda hivyo hivyo: utando uliingia kwenye suala la ukumbi, jeli ikaingia kwenye suala la vitenge. Nikapitisha rola polepole kama nasukuma chapati, kutoa mapovu, kwa kuwa povu likibaki katikati, hapo protini haipiti, unapata doa jeupe. Povu hata moja halikubaki. Kwa mapovu mimi ni fundi.

Nikawasha. Nyaya za platinamu zikaanza kutoa vijipovu, vinapanda juu kama soda, moyo ukatulia. Nikaunga viti vitatu kwenye korido nikalala. Kila feni ikibadilisha sauti nashtuka, nachungulia: vijipovu vinapanda. Saa nane usiku, vinapanda. Saa kumi, vinapanda. Nilimshukuru Mungu kwa kila kipovu. Tangu nianze kazi pale sijawahi kuona umeme mtiifu namna ile.

Asubuhi Mzee, fundi sanifu wetu, akaingia na chupa yake ya chai.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mkate umeiva?"

Nikafungua kwa mbwembwe. Utando mweupe pe, kama kanzu ya Idi. Hata ngazi ya vipimo, ile protini iliyotiwa rangi makusudi ili uone kama kazi imefanyika, haikuwepo. Nikamwaga rangi ya Ponceau, inayofanya protini zote kuwa nyekundu. Nikasuuza. Mweupe. Nikageukia jeli: nayo tupu!

"Mzee, protini zimeibiwa."

Mzee hakujibu. Akainua karatasi ya kuchujia ya upande wa pili, akaielekeza dirishani. Ngazi yangu ilikuwa pale, hafifu, vimistari vya buluu na kimoja cha waridi. Sifongo nalo lilikuwa limepata mgao wake. Zilizobaki zilikuwa zinaogelea kwenye bafa.

"Umetanguliza utando," akasema. "Umeme umefanya kazi yake vizuri kabisa. Tena usiku kucha."

Ungekatika hata dakika ya tano, huenda ningefungua, ningeona, ningeokoa kitu.

Kazi hii huitwa "western", na jina lenyewe lilianza kwa utani. Mwaka 1975 Edwin Southern alihamisha DNA, njia ikaitwa kwa jina lake, ambalo kwa Kiingereza ni kusini. Waliohamisha RNA wakaiita njia yao kaskazini. Mwaka 1981 Neal Burnette akazipa protini magharibi. Za kwangu, Mzee aliwatangazia watu wote chai ya saa nne, zimeelekea mashariki.

Nilikuwa nimebakiza sampuli kidogo kwenye friza. Jioni nikarudia, Mzee amesimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Jeli kwanza. Nimeinua utando kwa kibanio, simu ikaita. Mzee, asiye na glavu, akapokea.

"Mama, shikamoo. Hawezi kuongea sasa hivi, anahamisha protini."

Kimya kidogo. Kisha sauti ya shangazi ikajaa maabara nzima:

"Anahama? Anahamia wapi, na mchango hajatoa?"