Nilisahau Kwamba na Mimi ni Mamalia

Jamani, kwa kuwa fundi wangu wa bati keshaisimulia nusu ya Tukuyu kwamba "kindi kampiga jamaa hadi kalia mbele ya mama mkwe", naomba na mimi nisikilizwe. Kindi hakunigusa. Kulia, nililia. Mama mkwe alikuwepo. Mengine yote ni chumvi ya fundi.

Mnajua nina vile vyumba vitatu vya wageni. Watu wanakuja kwa ajili ya Mlima Rungwe, wanatamani kumwona kipunji, yule kima aliyegunduliwa na watafiti huko mwaka 2003. Wanarudi wamechoka, kipunji hawajamwona. Nikasema basi, angalau wakinywa chai uani waone chiriku na hua. Nikasimamisha bomba la chuma la futi nane, futi mbili zimezama kwenye zege, juu yake trei ya mbao iliyotobolewa matundu chini. Kwa mvua zetu matundu ni lazima, la sivyo alizeti inalala na maji, inashika ukungu, na ukungu huo unawaugulisha ndege.

Siku ya tatu wageni wakawa wanampiga picha kindi. Kakaa katikati ya trei kama mwenyekiti wa kikao, anamenya alizeti moja moja, maganda anawaachia chiriku.

Fundi akasema tupake bomba girisi. Hapo nilikataa na nakataa mpaka leo. Girisi ikishika manyoya, ndege hawezi kuitoa, na manyoya yaliyogandamana hayashiki joto. Kwa baridi ya Julai ya hapa, huyo umemuua. Basi akanikatia sketi ya bati. Duara la sentimita 60, unatoa kipande chembamba kama robo ya chapati iliyopunjwa, unatoboa katikati tundu la bomba, unapishanisha kingo na kuzipiga ribiti nne. Inakuwa kama mwavuli. Unaivisha bomba kabla ya kufunga trei, inakalia klampu mita moja na nusu kutoka chini, na usiibane, iache iyumbe ili anayeikanyaga akose imani. Ni ujanja uleule wa kuvika mabati miguu ya ghala la mahindi, ila kule adui ni panya.

Kesho yake kindi yupo kwenye trei. Hata vumbi kwenye bati hakuacha. (Wenye akili zenu mmeshajua kapitia wapi. Tulieni.)

Ndipo nikahamia kwenye pilipili. Na sayansi yake ni ya kweli, msinicheke kwa hilo: ukali wa pilipili unamchoma mamalia, ndege haumuumi. Ndiyo maana pilipili kichaa huota zenyewe chini ya miti wanayotua ndege. Wanameza, wanakwenda kuzipanda. Nikachukua kilo mbili za alizeti, kijiko kimoja cha mafuta ili unga ushike, halafu pilipili kichaa ya kusaga vijiko vitano. Nikavikoroga kwenye beseni. Kwa mikono. Mitupu.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mama mkwe kakaa kivulini anamenya maharage, fundi kaja kudai salio lake. Nikapanda kwenye stuli na beseni langu, nikaanza kumwaga kwenye trei, huku nawahutubia wote wawili juu ya tofauti ya ndege na mamalia. Nakumbuka neno la mwisho nililotamka lilikuwa "mamalia".

Upepo ukashuka kutoka mlimani. Unga mwekundu ukanyanyuka taratibu, ukazunguka kidogo, ukanijia. Pua ikawasha. Nikapiga chafya moja. Jicho la kulia likatoa machozi, nami kwa ustaarabu wote nikalifuta kwa kifundo cha mkono, nikijiambia kifundo ni kisafi. Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, kajoto, kama mtu kawasha kibiriti mbali. Ya tatu nikafikiri labda la kushoto litanisaidia, nikalifuta nalo. Kwa kiganja.

Sijui nilishukaje. Najua mguu mmoja uliingia kwenye ungo wa maharage. Nikanyoosha mikono kutafuta bomba la maji, nikashika kamba ya nguo, nikaiamini kwa uzito wangu wote. Ikakatika. Nikaenda chini na mashuka ya wageni, na kitu chepesi kikanifunika uso, nikajifuta nacho machozi, pua, kila kitu. Kilikuwa kitenge cha mama mkwe, kile cha kanisani.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "umefiwa?"

Fundi hakunisaidia. Fundi alikuwa amekaa chini.

Basi, maji mengi machoni robo saa, mikono nikaipaka mafuta kwanza ndipo sabuni, maana ukali ule hauyeyuki kwa maji matupu. Jioni nikaona. Glovu mnauziwa kila duka la dawa, sina la kuongeza.

Sasa kamba. Ilikuwa inapita mita moja na nusu tu kutoka kwenye trei, upande wa pili imefungwa kwenye mparachichi. Huko Marekani wanashauri trei ikae walau mita tatu kutoka kwenye chochote cha kurukia, kwa sababu wale kindi wao wa kijivu wanaruka karibu umbali huo. Mimi nilipima miti yote ya uani kwa futi kamba. Kamba ya nguo sikuipima, nilianikia shati juu yake nikiwa napima.

Tangu ikatike, wiki ya pili hii, kindi yuko chini anaokota yanayodondoka, anaitazama sketi ya bati. Mashuka tunaanika kwenye ua wa jirani. Kitenge kimefuliwa mara tatu, na jana kanisani mama mkwe alipiga chafya kuanzia wimbo wa kwanza mpaka sadaka.