Huku wanauliza mkataba unaisha lini, kwetu tunauliza nani ametua

Ukitaka kumjua shabiki, usimtazame siku ya mechi. Siku ya mechi wote ni vichaa, wa Gelsenkirchen kule Ujerumani na wa Kariakoo. Mtazame Julai, ligi imesimama, hakuna cha kushangilia wala cha kununia, watu wamebaki na midomo tu. Dar swali la kijiweni ni moja: nani ametua? Picha yenye ukungu ya mtu kavaa kofia na barakoa pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere inalisha ubishi siku tatu nzima. Huku Ujerumani, wazee wa timu iliyoshuka daraja wanabishania jambo kavu kabisa: beki wa kushoto mkataba wake unaisha Juni ipi, na dogo aliye nyuma yake alipata dakika ngapi msimu uliopita.

Wengi wetu tuliohamia huku tukilinganisha hukimbilia kusema wenzetu wana subira, sisi hatuna. Naona huo ni uvivu wa kufikiri. Kinachotutofautisha ni taarifa aliyonayo shabiki mkononi kabla hajafungua mdomo.

DFL, wasimamizi wa ligi ya huku, kila mwaka huchapisha hesabu za kila klabu ya madaraja mawili ya juu: mapato, gharama za mishahara, madeni, hadi fedha walizolipwa mawakala. Katikati ya Machi klabu inapeleka makabrasha ya leseni kuthibitisha kwamba itamudu bili zake msimu mzima unaofuata. Na kwa kanuni ya 50+1, wanachama lazima wabaki na kura nyingi kwenye kampuni inayoendesha timu, ukiacha klabu chache kama Leverkusen na Wolfsburg zilizopewa msamaha. Kwa hiyo mwanachama anaingia mkutano mkuu akiwa na namba, na ana kura ya kuzitetea.

Kwa maandishi hatuko mbali nao. Mfumo wetu wa 51 kwa 49, wanachama 51% na wawekezaji 49%, unatufanya kama ndugu, na Simba na Yanga nazo husoma mapato na matumizi mbele ya wanachama. Ila kwetu namba ikishatajwa ukumbi unapiga makofi, halafu swali linalofuata ni la straika.

Sasa tuingie jikoni. Chukua mkataba wa miaka miwili, ambao kwetu ndio umezoeleka kwa mchezaji wa kigeni. Msimu wa kwanza anazoea: jua la saa kumi, viwanja vya mikoani, safari ndefu za basi, labda na kocha anabadilishwa katikati. Msimu wa pili anaanza kuwaka, na hapo saa imeshaigeuka klabu. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Mkataba ukiisha Juni, ikifika Januari yuko huru kukaa mezani na yeyote. Klabu inabaki na njia tatu, zote chungu: imuuze dirisha dogo la usajili kwa bei ya kutupa katikati ya mbio za ubingwa, imwongezee mkataba kwa kumlipa dau jipya la usajili, au imwache aondoke bure. Mashabiki wanaiona hiyo ya tatu, wanasema viongozi wamelala Januari. Usingizi ulikuwa miezi 18 nyuma, siku waliposaini miwili badala ya mitatu.

Mbona basi wasisaini miaka mitano, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa na FIFA? Kwa sababu akibuma, mishahara iliyobaki inawadai. Kuvunja mkataba bila sababu halali kunaipeleka klabu FIFA, hukumu inatoka, na isipolipa ndani ya siku 45 inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Kwa hiyo ile miwili ni woga wenye sababu zake. Nionavyo, suala ni kutowapa wote urefu mmoja. Kijana wa miaka 21 mpe mitatu au minne, maana hata akichelewa kuiva bado ana soko. Mwenye 30 mpe mmoja, na nyongeza ya mwaka inayotegemea idadi ya mechi alizocheza. Kisha panga tarehe: mikataba ya beki wote wa kati isiishe Juni moja. Klabu ambayo nusu ya kikosi cha kwanza mikataba yake inaisha siku moja haijengi timu, inapanga chumba kwa mwezi.

Mfano tunao nyumbani. Agosti 2021 Simba, bingwa mara nne mfululizo, iliwaachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane katika dirisha moja. Kwa mhasibu ilikuwa biashara nzuri. Uwanjani, watu wawili waliokuwa wakitengeneza karibu kila kitu mbele ya boksi waliondoka pamoja, na waliokuja walianza kuzoea kwa pamoja. Misimu minne iliyofuata ubingwa ulikwenda Jangwani, kwa Yanga. Haikuwa sababu pekee, maana dirisha hilohilo Yanga ilishusha vyuma kwelikweli: Diarra, Bangala, Aucho, Mayele.

Lakini tazama Yanga yenyewe 2023. Mayele akaenda Pyramids, kocha Nabi akaondoka, Bangala na Feisal wakahamia Azam. Kwa maneno ya kijiweni, timu imekufa. Haikufa. Stephane Aziz Ki alikuwa ameshamaliza msimu wake wa kuzoea, akafunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Golini Diarra yupo, nyuma Job, Bacca na Mwamnyeto wapo, katikati Aucho yupo. Maxi na Pacome wakaingia kwenye nyumba yenye kuta.

Na hapa ndipo mahubiri ya subira yanapokwama. Msimu wa 2024/25 Yanga ilipitia makocha watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi, ikachukua ubingwa. Hamburg msimu wa 2017/18 nayo ilipitia watatu, Gisdol, Hollerbach na Titz, ikashuka kwa mara ya kwanza tangu Bundesliga, ligi kuu ya huku, ianzishwe 1963, na ikarudi 2025 tu. Idadi ya makocha ni ileile. Yanga walikuwa na mifupa inayojua kucheza pamoja hata mwalimu akiwa mgeni. Hamburg walikuwa wamekusanya mishahara mikubwa miaka mingi bila mfupa wa kueleweka. Freiburg, ambao kila mhamiaji anapenda kuwatolea mfano, walishuka 2015, wakambakiza kocha Christian Streich, wakapanda 2016 wakiwa mabingwa wa daraja la pili, na 2022 wakacheza fainali ya kombe la Ujerumani. Kumbakiza kocha kulisaidia. Kulisaidia kwa sababu chuo chao cha vijana, kilichofunguliwa 2001, kilikuwa kinamletea watu aliowalea mwenyewe. Mpe Streich wachezaji wapya 14 kila Julai uone kama angedumu miaka 12.

Wanaotaka kujua kujenga upya kunafananaje wasome hesabu za Dortmund. Bingwa 2002, na kufikia Machi 2005 wako ukingoni mwa kufilisika, wakiponea kwenye kura ya wawekezaji waliokutana uwanja wa ndege wa Düsseldorf. Kocha Klopp alifika 2008. Nafasi zao zikawa ya sita, ya tano, kisha ya kwanza 2011. Mashabiki hawakuwa malaika katikati ya hapo. Klabu haikuwa na hela, basi. Kwa kukosa hela wakalazimika kumwamini Götze waliyemlea wenyewe, Hummels ambaye Bayern haikuwa na nafasi naye, na Kagawa waliyemnunua Japani kwa euro 350,000. Ufukara uliwapangia umri wa kikosi.

Sisi klabu zetu kubwa haziwezi kufilisika kwa utulivu namna hiyo, kwa sababu hakuna kumaliza nafasi ya tano wala ya sita Kariakoo. Nafasi ya pili ndiyo kushuka daraja kwetu. Lazima ujenge huku unashinda, na hapo dakika za vijana ndizo zinazoteketea kwanza.

Hesabu yake ni rahisi. Ligi yetu ina timu 16, mechi 30, dakika 2,700 kwa kila nafasi. Kijana anahitaji kama 900, theluthi ya msimu, ndipo ujue kama ni mchezaji au ni video ya mazoezi. Mechi hizo 10 zipo, hasa za nyumbani dhidi ya timu za chini. Zinapotea hivi: dakika ya 60, bao hakuna, dogo wa winga amepoteza mpira mara mbili, jukwaa linaanza kuita jina la mgeni aliye benchi. Kocha anajua akitoka sare kesho yuko redioni kutwa. Ubao wa kubadilisha unanyanyuliwa, dogo anatoka akitazama chini, na anaporudi tena ni baada ya wiki sita, kwa dakika nane, timu ikiongoza 4-0. Ukijumlisha mwisho wa msimu ana dakika 240 na lawama za dakika 2,000.

Sheria nayo inasukuma upande wake. Kwetu tunaweka ukomo wa wageni 12, tukidhani wazawa watajaa wenyewe. Wajerumani waliondoa ukomo wa namna hiyo, wakadai kikosi kiwe na wachezaji 8 waliolelewa na klabu za Ujerumani, 4 kati yao na klabu yenyewe, na tangu 2001 klabu ya Bundesliga bila kituo cha kulea vijana haipati leseni. Ukomo unasema nani asizidi. Hauzungumzii nani amlee aliyebaki. Ndiyo maana kwetu mzawa mzuri mmoja anagombaniwa na Simba, Yanga na Azam kwa dau linalopaa, badala ya kuwepo wanne wa aina yake.

Huku nako si peponi. Bayern walibeba ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023, na shabiki wa Augsburg anaanza msimu akiomba nafasi ya 12. Ukimwambia mtu wa Schalke, timu ya Gelsenkirchen, kwamba Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ikapoteza kwa kanuni ya bao la ugenini tu, na Simba nayo ikafika fainali hiyohiyo 2025, anashangaa kwamba mashabiki wetu bado wanataka kocha afukuzwe. Wanataka, ndiyo. Presha hiyohiyo ndiyo iliyozifikisha huko, na sitaki kuona Kariakoo ikigeuka jukwaa la kuridhika na nafasi ya tisa. Nataka tu ubishi uhamie mahali penye faida.

Mathalani, kwenye 5%. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine akiwa ndani ya mkataba, 5% ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni 0.25% ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23 ni 0.5%. Akiuzwa dola 1,000,000, timu iliyokaa naye kuanzia miaka 14 hadi 17 inapata dola 15,000, zaidi ya milioni 30 zetu. Mipira, bips na nauli za mwaka mzima hizo. Sharti ni awe amesajiliwa rasmi na klabu inayotambulika, misimu hiyo iwe kwenye kumbukumbu za shirikisho, na jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na pasipoti yake ya leo. Timu ya shule haihesabiwi. Ndondo, yaani mashindano ya mtaani, haihesabiwi. Dogo aliyeingia kwenye mfumo wa TFF, shirikisho letu la soka, kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 18 ameacha nyuma misimu sita, ambayo kwa mauzo hayohayo ni dola 20,000 zisizo na wa kuzidai.