Wao Hushtakiana, Sisi Tunapewa Alama

Mmarekani akikuuliza kama kwenu Kenya mageuko ya viumbe (evolution) yanafundishwa, inakera. Turkana Boy, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale, alifukuliwa kwetu Nariokotome mwaka wa 1984, si jimbo la Pennsylvania. Huko Pennsylvania, bodi ya shule za Dover iliamua mwaka wa 2004 kwamba wanafunzi wa darasa la tisa wasomewe taarifa: nadharia ya Darwin ina mapengo, huenda viumbe vilibuniwa na mwenye akili. Walimu wa sayansi wakakataa kuisoma. Wazazi 11 wakaenda kortini, na Desemba 2005 Jaji John Jones, mteule wa George W. Bush, akaamua kwamba hiyo ni dini. Bili ya mawakili ilizidi dola milioni moja.

Sasa fungua Historia ya Kidato cha Kwanza, mtaala wa Kenya wa 8-4-4, ambao sasa unaondolewa hatua kwa hatua. Asili ya binadamu: uumbaji, masimulizi ya jadi, mageuko. Zote zimepangwa foleni moja. Kilichowapeleka Dover kortini, kwetu ni swali la kuokota alama.

Najua mtasema ughaibuni umenipanda kichwani. Sijasema wametushinda! Kansas, jimbo jingine la Marekani, iliyapunguza mageuko kwenye viwango vyake vya masomo 1999, ikayarudisha 2001, ikayatilia shaka 2005, ikageuka tena 2007, kutegemea nani kashinda uchaguzi wa bodi. Mtaala wetu hauyumbishwi na kura hivyo. Hata mwaka wa 2006, Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa makanisa ya kiinjili Kenya, alipopinga mifupa ya Turkana Boy kupewa nafasi ya mbele makumbusho, ugomvi uliishia huko huko. Hilo najivunia.

Kinachoniudhi ni ukimya. Siasa yetu ni kutomkera mfadhili wa shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yenyewe inampa kanisa mfadhili usemi katika malezi ya kiroho shuleni. Basi tunaorodhesha kila nadharia, tunaandika "eleza", na hakuna anayeulizwa ipi inaweza kupimwa. Katika Biolojia, mada yenyewe inafika Kidato cha Nne, kila mtu mbio amalize silabasi kabla ya mock. Kinachobaki kichwani ni twiga wa Lamarck, mwanasayansi aliyemtangulia Darwin, yule twiga aliyenyoosha shingo mpaka ikarefuka, maana hadithi hiyo ni nyepesi.

"Lakini watoto wanapita." Wanapita, ndiyo. Mwaka mmoja baadaye muulize mmoja wao kwa nini antibiotiki imegoma. Atakwambia mwili umezoea dawa. Mwili haujazoea chochote: bakteria wachache waliokuwa na kinga ndio waliosalia, wakazaana.