Sanduku la kufuli tatu

Kikoba chetu hukutana kila Jumapili saa kumi jioni, Tandika, uani kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Tupo watu 27: wauza mboga wa sokoni, mafundi cherehani, mama lishe, madereva bodaboda wawili, na mimi mwalimu wa shule ya msingi. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu wa nyumba tofauti. Mmoja wao akichelewa tunamsubiri, hata kama ni mpaka Magharibi, na faini yake analipa. Likishafunguliwa, fedha zinahesabiwa kwa sauti huku watu wote wamenyamaza. Mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba, una ukurasa wake kwenye daftari. Ukitaka kujua zimeingia shilingi ngapi na amepewa nani, unauliza, katibu anasoma.

Majuzi, tulipomaliza kuhesabu, tukaingia kwenye bima ya afya kwa wote, ule mpango wa Serikali wa kila Mtanzania awe na bima. Muuza mboga mmoja, mjane mwenye watoto wanne, akauliza: "Nikishalipa, mwanangu akiugua usiku, nitatibiwa kweli au nitaambiwa kanunue dawa nje?" Kabla hajajibiwa, kaka mmoja akamkatiza: "Dada, na wewe siku hizi umekuwa mpinzani?" Mwingine akadakia kwamba hiyo ni hela ya uchaguzi, wenyewe wameshaipangia matumizi. Hapo wakaanza kurushiana maneno, huyu na chama chake, yule na chama chake. Mama wa watu akainamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga. Mpaka tunafunga sanduku hakuna aliyemjibu.

Nimeshindwa kuliacha lile swali, ndiyo maana naandika.

Nianze na yangu, maana mimi nina kadi. Kwenye kikoba chetu wenye kadi ya bima tupo wanne kati ya 27, na hesabu hiyo haiko mbali na ile Serikali yenyewe iliyokuwa ikiitaja wakati sheria inajadiliwa, kwamba Watanzania wenye bima ni kama asilimia 15 tu. Kila mwezi nakatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri anaweka tatu nyingine, na kwa hizo sita tunatibiwa mimi, mume wangu na wategemezi wanne. Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Mwaka jana alilazwa siku sita kwa presha, na siku ya kutoka hatukudaiwa hata hela ya kitanda. Nilishukuru mno. Lakini katika dawa nne alizoandikiwa, mbili dirishani wakasema hazipo. Nikavuka barabara nikazinunua kwa shilingi 38,000, na kadi nimeishika mkononi. Muuzaji wa duka hakushangaa hata kidogo. Alishawazoea watu wa kadi.

Fundi cherehani mmoja wa kwetu hana kadi. Mumewe alipata ajali ya bodaboda Mbagala, mguu ukavunjika mara mbili. Mfuko wa jamii ukampa 100,000, tukachangishana tena pembeni, akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Salio la hospitali likamshinda. Akaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii aombe msamaha wa deni. Ustawi wa jamii wakataka barua ya serikali ya mtaa. Kule mtaani mtendaji hayupo, njoo kesho. Siku tatu alizunguka na ile karatasi, na siku za kitanda zinaendelea kuhesabiwa. Siku ya pili nilimsindikiza. Njia nzima hakusema neno.

Kwa hiyo msimamo wangu sifichi: naitaka bima ya afya kwa wote, na naitaka iwe ya lazima. Mzima amchangie mgonjwa, mwenye mshahara amchangie asiye nao, ndivyo tunavyoishi tayari. Anayesema Watanzania hatuna utamaduni wa bima hajawahi kuona orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp usiku ambao mtu amefiwa. Kuchanga tunajua. Kinachotutia hofu ni kuchanga mahali ambapo hatutalisoma daftari, na hofu hiyo hatukuzaliwa nayo.

Wazee wetu wanakumbuka matibabu ya bure yaliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1993 ukaingia uchangiaji. Wazee wasiojiweza, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wakaachwa kwenye msamaha, na bango la kuwatangaza lipo ukutani kwenye vituo vingi, ila mzee akishamwona daktari bure bado anatumwa dukani kwa hela yake. Mtu aliyesimama chini ya bango hilo akiwa na cheti cha dawa mkononi hawezi kuamini bango lingine kirahisi.

Halafu Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Tuliambiwa zinajenga vituo vya afya na madarasa, na vingine vimejengwa, siwezi kukataa kitu ninachokiona. Lakini mama anayemtumia mzazi wake shilingi 20,000 Mtwara aliona makato palepale kwenye simu, na hakuna aliyemrudia baadaye kumwambia hela ya mtaa wenu imekuwa hii, imefanya hiki. Malalamiko yakawa makubwa, tozo zikapunguzwa. Kilichobaki vichwani ni kwamba neno "vituo vya afya" linaweza kutumika kukuchukulia hela. Ongeza na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zilizoeleza kwamba mfuko wa bima wa taifa unalipa kuliko unavyokusanya, na kwamba kuna taasisi za umma zilizokopeshwa hela zake bila kurejesha. Wengi hatukuzisoma ripoti zenyewe, tulizisikia redioni asubuhi tukienda kazini. Zilitosha.

Hapo ndipo mswada wa bima ya afya kwa wote ulipotukuta Septemba 2022. Viwango vilivyotajwa wakati ule vilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Tena mswada ukapendekeza bima ifungamanishwe na mambo mengine, kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na usajili wa laini ya simu. Madereva wetu wawili walilisikia la leseni kwanza, kabla hawajasikia lolote kuhusu matibabu. Kwao bima ikawa ndugu yake faini ya trafiki, na mpaka leo ukiitaja wananuna.

Lakini ile 340,000 iliyowatisha watu, hakuna aliyekaa nao kuipigia hesabu. Mimi niliipiga nyuma ya daftari la maandalio. Mfanyakazi wa mshahara wa 600,000 anakatwa 18,000 kwa mwezi, mwajiri anaongeza 18,000. Kwa mwaka ni 432,000, kwa watu walewale sita. Kwa hiyo 340,000 haikutoka hewani, na wala si wizi kwa kuitazama tu. Tofauti ni kwamba hela yangu inakatwa kidogokidogo kabla sijaiona, na nusu yake silipi mimi. Muuza mboga hana mwajiri. Anapata kwa siku, na mvua ikinyesha Tandika ikawa tope tupu, siku hiyo hapati. Ukimwambia alete 340,000 kwa mkupuo, umemtaka hisa zake zote anazoweka kikobani mwaka mzima. Ukimwambia 930 kwa siku, angalau mnaanza kuzungumza. Mazungumzo ya namna hii ndiyo yaliyokosekana, watu wakatangaziwa kiasi wakaachwa nacho.

La Toto Afya Kadi, ile kadi ya bima ya watoto, liliniuma zaidi. Mzazi alikuwa analipa 50,400 mtoto anatibiwa mwaka mzima. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa wawaandikishe watoto kupitia shuleni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi walikuwa wanawaleta watoto ambao tayari wanaumwa, matibabu yakazidi michango. Sababu hiyo naielewa, nasema kweli, kwa kuwa hata kikoba kitakufa kama watu watajiunga siku wanapotaka kukopa. Sisi tuna kanuni: miezi mitatu ya kuweka kwanza, ndipo ukope. Kanuni hiyo lakini mtu anasomewa siku anayoingia. Wale wazazi walikwenda dirishani na hela imefungwa kwenye leso, wakaambiwa imesitishwa. Mtoto wa miaka miwili aendaye shule yupi?

Na Machi 2024 ulipoanza kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko wa bima wa taifa unazilipia, na bei zake, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo tangu tarehe mosi, zikisema bei haziwezi kuendesha huduma. Baadaye walizungumza, huduma zikarudi. Nani alikuwa na haki? Ningependa kujibu, ila pande zote mbili zilitupa kauli, hazikutupa hesabu ya kitanda kimoja, kipimo kimoja, dawa moja. Wakati wao wanavutana, mwenye kadi alikuwa amesimama getini.

Mambo yote haya yana maelezo, na mengine maelezo yake ni mazuri. Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu akitaka maelezo anaulizwa kwanza chama. Mswada uleule wa 2022 uliahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya kupitishwa Novemba 2, 2023, na sehemu kubwa ya mvutano ilikuwa chanzo cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Bunge lile karibu lote lilikuwa la chama kimoja. Waheshimiwa wale walipouliza hela itatoka wapi, hakuna aliyewaita wapinzani. Kwa nini muuza mboga wa Tandika aitwe?

Upande wa pili nako sina la kupamba. ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, walitoa pendekezo la kuunganisha bima ya afya na hifadhi ya jamii, mwananchi akiweka akiba yake matibabu yawe sehemu ya mafao. Linahitaji kupimwa kwa tarakimu zake, linaweza kufaa au lisifae. Pale kwetu lilikufa kwa sababu ya jina la waliolisema. Agosti 28, 2025, uzinduzi wa kampeni za CCM pale Tanganyika Packers, Kawe, Rais Samia aliahidi kwamba hospitali zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni, na kwamba wasio na uwezo watagharamiwa matibabu ya kibingwa. Jirani yangu akasema uongo kabla hata sentensi haijaisha. Nilimuuliza: wewe hukuwahi kusimama mochwari unahesabu michango ili umchukue ndugu yako? Ahadi kama hiyo mimi naipokea kwa mikono miwili, atakayeitoa awe yeyote. Nikishaipokea, nauliza inalipwa na fungu gani.

Na mafungu sheria imeyataja, ndiyo maana nasema kuuliza hakuhitaji uchochezi wowote. Kuna ushuru kwenye vinywaji baridi, vileo na vipodozi, kuna kodi za michezo ya kubahatisha. Vijana wa mtaani kwetu wanabeti kutwa. Kama sehemu ya hela yao inamtibu bibi asiyejiweza, mtuambie ni shilingi ngapi mwezi huu. Mbandike kwenye ukuta wa zahanati, karatasi moja, kwa Kiswahili chetu: kwenye kata hii wamechangia watu kadhaa, zimeingia kadhaa, hospitali imelipwa kadhaa, dawa hizi zilikosekana, wagonjwa hawa walirudishiwa hela. Kila mwezi. Na vikoba mvitumie. Tunakusanya kila wiki, tunajua nani kafiwa, nani biashara imelala. Tukipewa nafasi ya kupeleka michango ya bima kidogokidogo, muuza mboga wetu hatatafuta 340,000 wala kiasi kingine chochote kwa siku moja. Na siku bei za mafao zikibadilika, makubaliano na hospitali yamalizwe kwanza, mgonjwa asiwe wa kwanza kujua.

Jumapili iliyopita nilimwomba mwenyekiti anipe dakika tano kabla ya kufungua sanduku. Nikamwomba yule mama arudie swali lake, na nikawaomba wenye vyama vyao wavumilie. Akalirudia, safari hii akiwa amesimama. Fundi cherehani akaongeza la barua ya msamaha, kwa nini izungushwe siku tatu. Dereva mmoja, yuleyule aliyesema hela ya uchaguzi, akaongeza la tatu: ajali ikitokea usiku na kadi haipo mfukoni, mtu anatibiwa au hatibiwi? Katibu akayaandika yote matatu kwenye ukurasa mpya, tukatia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Jumatatu tulipeleka nakala ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri wa kupokea, na amesema Jumapili hii atakuja na mtu wa kutujibu. Saa kumi. Kama atachelewa, tutamsubiri.