Umejuaje, Afande?

Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zikiipiga London usiku baada ya usiku, wapiga mizinga wa pwani ya Uingereza walionekana mabingwa. Hesabu zilionyesha kwamba kuangusha ndege moja kuliwagharimu nusu tu ya makombora waliyotumia wenzao wa bara. Siri yao nini? Labda rada inaona vizuri zaidi juu ya maji. Labda rubani wa adui akiwa baharini anaruka chini na kwa kunyooka. Kila mtu na nadharia yake, mpaka jibu likapatikana, na lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi. Bara, anayedai ameangusha ndege anaulizwa mabaki yako wapi. Baharini mabaki yamezama. Mabingwa wa pwani hawakuwa na shabaha kuliko wengine, ila hakukuwa na mtu wa kuwakagua.

Waliolitatua fumbo hilo ni kikundi cha mwanafizikia Mwingereza Patrick Blackett, na ndicho kinachonifanya niandike leo. Watu wakisikia taasisi ya uchambuzi wa kijeshi, wanawaza kompyuta kubwa na fomyula za siri. Mimi naona hisabati ndiyo sehemu ndogo ya kazi ile. Sehemu kubwa ni ruhusa: mtu asiye na nyota begani kumuuliza mwenye nyota, "Umejuaje?", kisha kesho yake akaingia tena ofisini bila kufukuzwa.

Blackett mwenyewe alijua jeshi kutoka ndani. Aliingia jeshi la majini angali kijana na alipigana katika vita vya baharini vya Jutland mwaka 1916, kabla ya kwenda Cambridge kusoma fizikia (Nobel yake ilikuja 1948). Alipoitwa kuisaidia kamandi ya mizinga, alikusanya watu kumi na mmoja: wataalamu watatu wa fiziolojia, wanafizikia kadhaa, wanahisabati, mtaalamu wa nyota, ofisa mmoja wa jeshi la nchi kavu na mpima ardhi. Afisa rasilimali watu wa leo angeisoma orodha hiyo mara mbili halafu aitupe. Wanajeshi waliwaita Sarakasi ya Blackett. Mwanzoni mwa mashambulizi yale ilihitajika kupiga makombora kama 20,000 kuangusha ndege moja. Kufikia kiangazi kilichofuata yalitosha kama 4,000. Mizinga ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuitumia, hasa kuiunganisha vizuri na rada.

Mwaka 1941 Blackett alihamia kamandi ya ndege za pwani, zilizowinda nyambizi Atlantiki. Hapo mwanafizikia E. J. Williams akagundua jambo ambalo, ukishalisikia, unashangaa lilifichikaje. Mabomu ya kulipukia majini yalitegwa yalipuke futi 100 chini, kwa hoja kwamba nyambizi ikiiona ndege mapema itakuwa imeshazama mbali. Ni kweli. Lakini nyambizi iliyozama mbali rubani hajui tena iko wapi, bomu linaangukia maji matupu. Ile ambayo bado iko juu, au ndiyo kwanza inatumbukia, ndiyo inayoweza kulengwa, na bomu lilikuwa linalipuka chini yake mno. Wakapunguza kina hatua kwa hatua hadi futi 25. Blackett alisimulia baadaye kwamba mabaharia wa Kijerumani waliotekwa walidhani Waingereza wamepata baruti mpya yenye nguvu zaidi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Conrad Waddington, mwanabiolojia katika kamandi hiyohiyo. Ndege zilifanyiwa ukaguzi kila baada ya saa 50 za kuruka. Akachora grafu ya hitilafu zisizotarajiwa. Mtu angetegemea ziwe chache mara tu baada ya ukaguzi na ziongezeke kadiri ndege inavyochoka. Ikawa kinyume: zilikuwa nyingi zaidi ndege inapotoka tu mikononi mwa mafundi, kisha zikapungua. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaharibu! Yeyote aliyepeleka gari gereji kubadilisha oili, akarudi nalo na mlio ambao haukuwepo asubuhi, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini fikiria ujasiri wa kuipeleka grafu hiyo kwa mkuu wa mafundi wa kikosi, wewe ukiwa mtu wa viumbe.

Wangewezaje haya yote wakiwa mbali? Blackett alisisitiza wachambuzi wakae makao makuu ya operesheni, mezani pa wanaoamua, wazisome ripoti zikiwa bado za moto. Umbali unaua kazi hii. Ushahidi mmoja uko kwetu, Mombasa. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo Aprili 1942, wavunja-msimbo wa jeshi la majini la Uingereza walihamishiwa Kilindini, wakafanyia kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Bahari mbele yao, usalama upo, lakini mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika hafifu mno. Walifanikiwa kuuvunja msimbo wa meli za biashara za Japani, hilo ni lao, ila mwaka uliofuata walirudishwa Ceylon (Sri Lanka ya leo), karibu na sauti walizotakiwa kuzisikiliza.

Wamarekani waliiga haraka. Mwaka huohuo wa 1942 mwanafizikia Philip Morse alianzisha kikundi cha kupambana na nyambizi, ambacho kwa mabadiliko kadhaa ndicho kilichozaa taasisi ya CNA ya leo, inayoendelea kuwapanga wachambuzi raia pamoja na makamanda wa majini. RAND, taasisi nyingine ya uchambuzi wa aina hiyo, ikafuata 1948. Majengo yakawa mazuri, mishahara pia. Tabia ya kuuliza, sina hakika kama ilisafiri yote. Vita vya Vietnam viliendeshwa na watu wanaoabudu takwimu, na kipimo chao kikubwa kikawa hesabu ya maiti za adui. Anayehesabu ni yuleyule anayesifiwa kwa hesabu kubwa. Mizinga ya pwani imerudi, safari hii msituni.

Niliwahi kufanya kazi ya takwimu katika ofisi moja isiyohusiana na bunduki. Ripoti ikaja kwamba visima vyote vya eneo fulani vinatoa maji. Nikauliza nani alikwenda kufungua bomba. Mkubwa wangu akanitazama kwa huruma: "Bwana mdogo, taarifa hii inasomwa kesho." Ikasomwa. Sikuwa na Blackett wa kunikingia kifua, na kusema kweli sikubishana sana.

Wala Blackett mwenyewe hakusikilizwa siku zote. Machi 1942 Lord Cherwell, mshauri wa Churchill, alipeleka hoja kwamba kuzipiga kwa mabomu nyumba za miji mikubwa ya Ujerumani kungewaacha theluthi ya Wajerumani bila makazi na kuwavunja moyo. Mwanasayansi Henry Tizard alipiga hesabu upya, akasema makadirio ya nyumba zitakazobomolewa yamezidishwa mara tano. Blackett, kwa hesabu zake mwenyewe, akasema mara sita. Wote wawili wakapuuzwa. Uchunguzi wa baada ya vita ulionyesha yalizidishwa mara kumi. Wakati ule katika wizara ya anga, Blackett alikumbuka, mtu akijumlisha mbili na mbili akapata nne walisema huyo si wa kuaminiwa, amekuwa akiongea na Tizard na Blackett.